Lango Lisilo na Namba

Sitapoteza muda kueleza nilivyofika Upimo. Njia ilikuwa ndefu, viatu vilichanika, nikafika. Ninachotaka kusimulia ni yale niliyoyakuta huko, na nitayasimulia bila chumvi, kwa sababu kazi niliyoifanya kwetu kwa miaka kumi na tisa hainiruhusu kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Nimepima mawe ya wauza sukari, nimefunga mizani za wauza nyama waliozoea kubandika sarafu chini ya sahani, na nimetukanwa na watu wa kila dini. Mtu wa kazi hiyo akikuambia kitu kina uzito fulani, ujue amekishika kwa mkono wake.

Watu wa Upimo wana ufundi ambao sijauona kwingine. Hutengeneza nyika. Huzungushia ukuta eneo kubwa, mafundi wakaingia humo kwa miaka saba, minane, hata kumi, na wakitoka wanaacha nyuma yao milima, mito, miji, mvua, wanyama na watu wanaozungumza, vyote vya kutengenezwa na vyote vinapumua. Raia hulipa kiingilio, akapita langoni, akawa mtu mwingine kwa muda anaoutaka. Ziko nyika za vita vya mapanga, ziko za mazimwi, ziko za wacheza mpira. Nilipofika mimi, mji mzima ulikuwa unaizungumzia nyika moja tu, iliyoitwa Mwisho wa Reli. Ilikuwa nchi ya vumbi na majabali, yenye watu wa kofia pana na bastola kiunoni, na ndani yake kundi la wezi wa ng'ombe ambao siku zao zilikuwa zinakwisha kwa sababu reli inakuja na sheria inakuja nayo. Mgeni huingia kama mmoja wa wezi hao. Anaweza kulifuata kundi, kulikimbia, kuwinda, kucheza karata, au kukaa juu ya jabali akitazama mawingu, maana nyika iko wazi pande zote na hakuna wa kumwelekeza. Kutoka langoni hadi ukuta wa mbali ni mwendo wa siku arobaini.

Ila ilikuwa haijafunguliwa, kwa sababu ilikuwa haijapewa namba.

Upimo hakuna nyika inayofunguliwa kabla Baraza la Wapimaji halijaipa namba kati ya moja na mia, na namba hiyo hupakwa rangi nyeupe kwenye ubao juu ya lango. Kabla ya namba, raia haruhusiwi kusema ameipenda nyika wala ameichukia, kwani atajuaje. Baada ya namba, haruhusiwi kusema kinyume chake. Mwenyeji wangu, mshona viatu aitwaye Mshamu, aliniambia kwamba mkewe aliwahi kulia ndani ya nyika ya sabini na moja. Alipelekwa hospitali, akapimwa macho, akapewa dawa ya matone. Nyika ya sabini na moja si ya kulilia.

Nilimuuliza mbona nyika mbovu kuliko zote nilizoziona mjini nayo imepewa sabini. Alinitazama kama niliyeuliza mbona maji ni majimaji. Namba zilizo chini ya sabini zilikuwa hazijatumika kwa miaka thelathini, akasema, na kumpa fundi hamsini ni sawa na kumtukania mama yake. Hata shuleni watoto huanza kuhesabu kwenye sabini. Sikuamini, nikaenda darasani nikasikia kwa masikio yangu: sabini, sabini na moja, sabini na mbili. Nilimwomba mtoto mmoja anihesabie vidole vyangu vya mikono. Alihesabu vizuri sana, bila kuruka hata kimoja, akasema ni sabini na tisa.

Kule juu, kuanzia tisini, mambo ni ya kufa na kupona. Katika mtaa wa Mshamu wako ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawajasalimiana kwa miaka sita, kwa sababu mmoja anashabikia nyika ya tisini na nne na mwenziwe ya tisini na tatu. Niliwauliza, kila mmoja kwa wakati wake, nyika hizo zina nini ndani. Hakuna aliyewahi kuingia.

Lakini sheria nzito kuliko zote ni ile ya jiwe. Kando ya kila lango kuna jiwe kubwa lililolainishwa. Nyika ikipata tisini au zaidi, majina ya mafundi wote huchongwa hapo, nao hubaki na zana zao waanze nyika nyingine. Ikipata themanini na tisa, jiwe hubaki tupu, zana hurudishwa ghalani, na mafundi hutawanywa wakachunge mbuzi. Mwisho wa Reli ilikuwa na mafundi mia nane. Mkuu wao aliitwa Bi Sikitu, fundi wa farasi, na walikuwa wamekaa mle ndani kwa miaka minane. Wapo walioingia bila mtoto wakatoka na mtoto wa darasa la kwanza.

Wapimaji kisheria ni saba, na wa saba lazima awe mgeni aliyeingia nchini mwezi huohuo, eti kwa kuwa hana upande. Mwezi ule mgeni alikuwa mimi. Baraza waliposikia kazi yangu ya zamani walifurahi kupita kiasi. Mpimaji Mkuu, Bwana Fumbwe, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinishika mikono yote miwili akaniita mwenzake wa taaluma. Akanieleza kwamba wenzake sita wamekwisha kupima na wastani wao umesimama kwenye tisini kamili. Nikitoa tisini au zaidi, jiwe litachongwa. Nikitoa pungufu, mbuzi. Kisha akanikabidhi saa ya mchanga ya masaa matatu.

Nilimuuliza masaa matatu hayo ni ya kupima sehemu gani ya nyika. Akasema yote. Nikamkumbusha kwamba ina mwendo wa siku arobaini. Akanieleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuwaeleza wageni, kwamba Baraza hupima nyika sitini kwa mwaka, na wapimaji wakianza kumaliza wanachokipima, raia watakaa bila namba, na raia asiye na namba huteseka sana. Yeye mwenyewe amepima kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi kuuona mwisho wa nyika yoyote. Alisema hivyo kwa fahari.

Nilisoma taarifa za wale sita. Zote zilihusu banda la farasi. Lile ndilo jengo la kwanza baada ya lango, na hakuna aliyetoka humo kabla mchanga haujaisha. Mmoja alisifu mwanga unaopita kwenye nyufa za mbao. Wa pili alilalamika kwamba farasi hakubali kupandwa mpaka apigwe brashi. Wa tatu aliandika ukurasa mzima kuisifia brashi hiyohiyo. Bwana Fumbwe alitupwa na farasi wake kwenye samadi, akakata pointi nane, na akaiita kasoro ya usawa, eti farasi amemzidi mgeni nguvu.

Nilimkuta Bi Sikitu langoni. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa ovaroli, na kidole chake kimoja hakikunjiki kwa sababu aling'atwa na farasi aliyemtengeneza mwenyewe. Hakunisihi wala hakunibembeleza. Alinipa onyo moja tu. Mle ndani, alisema, nikipigwa risasi nitaamka kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu, kichwa kikiniuma kidogo. Farasi wangu akifa, haamki.

Nilichagua jike mdogo wa rangi ya kahawia nikamwita Kashata. Kumpiga brashi kulichukua saa nzima kwa sababu sikujua naanzia wapi, na yeye alijua kwamba sijui. Mchanga uliisha tukiwa juu ya kilima cha kwanza. Mbele yangu kulikuwa na bonde pana, mto, moshi wa treni mbali sana, na mvua ikitembea peke yake upande wa kushoto. Niliitazama ile saa ya mchanga, nikaitupa bondeni. Kwetu ningejifukuza kazi kama ningepima gunia kwa kunusa kona yake.

Nilikaa mle siku tisa. Niliiba ng'ombe, nikajuta, nikaiba tena. Nilicheza karata na wezi wenzangu, watu wa kutengenezwa, na mmoja wao akaniambia kuhusu ndugu yake maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu aliniambia mimi. Kashata alijifunza sauti yangu. Siku ya tano alianza kunigeukia kabla sijamwita. Siku ya saba askari wa reli walitukimbiza hadi ukingo wa korongo, naye akakataa kushuka. Alikataa mara tatu. Nikampiga kwa visigino, kwa kuwa niliogopa na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kutiiwa, na alishuka, na alivunjika.

Nililia. Sioni haya kuliandika hilo. Nilikaa pale mpaka askari wakachoka kunitafuta, kisha nikabeba tandiko begani nikatembea siku mbili hadi langoni, na njia nzima nilijua kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba hakuna pa kwenda kulifuta.

Nje nilikuta vurugu. Kuchelewa kwangu kulikuwa kumewatia watu wazimu. Foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta mara tatu, kwa sababu viingilio vilikwisha kuuzwa mwaka mzima uliopita, kabla hata mito haijatiwa maji. Chama cha Wauzaji kilikuwa kinawauzia kofia pana. Kiongozi wao, Bwana Tindwa, haamini namba ya Baraza, anaamini nyayo. Mbele ya kila lango huwa wamemwaga mchanga laini, na makarani wao huhesabu nyayo zinazoingia. Nyika yenye nyayo nyingi ndiyo nyika bora, basi. Nilimuuliza kama wanahesabu pia nyuso za wanaotoka. Akadhani namtania.

Na ukutani walikuwako Wapiga Sufuri. Hawa ni raia wanaojitolea, na kazi yao ni kuandika sufuri kwa chaki kwenye ukuta wa nyika wanayoikasirikia. Niliongea na mmoja, bwana wa makamo mwenye ndevu aitwaye Shomvi, ambaye alikuwa amekwisha kuandika sufuri mia nne na mkono umemvimba. Kisa chake ni kwamba katika picha ya tangazo mkia wa farasi ulikuwa mweupe, naye amesikia kwamba ndani una rangi ya majivu. Ameingia kuuona? Hajaingia. Hawezi kuingia mahali anapopapinga.

Bwana Fumbwe na Bwana Tindwa, ambao kwa kawaida hawapikiki chungu kimoja, walikuwa wamekubaliana jambo. Walituita mimi na Bi Sikitu kwenye ukumbi wa Baraza, na mafundi wengi wakaingia wakasimama nyuma. Bwana Tindwa ndiye aliyezungumza. Wapimaji sita, alisema, wako tayari kupandisha namba zao, na pamoja na yangu nyika itafika tisini na sita bila jasho. Sharti ni moja dogo. Farasi afufuke. Mtu akipiga mluzi, farasi aliyekufa aje mbio akiwa amekwisha kupigwa brashi. Ni kazi ya siku tatu. Watu wanakuja kufurahi, binti yangu, akamwambia Bi Sikitu, ingawa sidhani kama yeye Tindwa amemzidi hata miaka mitano.

Bi Sikitu alijibu, "Hapana."

Kisha fundi mmoja akasogea mbele. Aliitwa Hiyari, mtengeneza mvua, mtu mrefu mwenye macho ya usingizi wa miaka minane. Alisema kwa adabu kwamba yeye anamheshimu Bi Sikitu, lakini ana watoto wanne, na hawa watu mia nane hawajui kuchunga mbuzi. Siku tatu si kitu. Akaomba neno moja tu kutoka kwake. Bi Sikitu aliwatazama mafundi nyuma yake mmoja mmoja, na nikatambua kwamba alikuwa ameshaiwaza mvua ile, watoto wale na mbuzi wale kabla ya mtu yeyote humo ndani.

Hiyari akanigeukia mimi. Aliliona tandiko begani mwangu.

"Wako alikufa?"

Nikasema alikufa, na kwamba nilimuua mimi.

"Na kama angekuja kwa mluzi?"

Nikamwambia ningempigia mluzi, ningeendelea na safari, na leo nisingekumbuka alikuwa na rangi gani. Halafu akarudi nyuma akasimama na wenzake, na hakuomba tena.

Nilipewa nusu saa ya kutafakari. Nakiri nilikuwa nimeshaamua kusema mia na kumaliza mambo. Majina yangechongwa, mafundi wangebaki na zana zao, na mimi ningerudi kwetu na dhamiri safi. Bi Sikitu alinifuata uani.

"Nakuona unataka kutupa mia," alisema. "Usitupe, kaka. Usitupe namba yoyote."

Nilimwambia nusu ya mafundi wake watamlaani.

"Watanilaani. Lakini mwaka juzi fundi mwenzangu aliyetengeneza bahari alipewa themanini na nane na hawa hawa, kwa masaa matatu, na hakuna aliyefika hata ufukweni. Nilimpelekea neno kwamba mizani yao mibovu. Leo wakinipa mia kwa mizani ileile, nimwambie nini?"

Maneno hayo yalinichoma mahali nilipokuwa nimepasahau. Kwetu niliwahi kukuta mizani ya muuza unga iliyokuwa haiwapunji wateja, bali inampunja mwenyewe. Kila kilo ilizidi. Wateja wote walinizunguka wakinisihi niiache, na mmoja akanipikia pilau. Niliifunga. Nilichukiwa mtaa mzima kwa mwaka, na katika kazi yangu yote hakuna kitu ninachojivunia kama kufuli ile.

Tuliporudi, karani alichovya kalamu akaniuliza namba. Nikasema sijamaliza. Bwana Fumbwe akasema hilo si jibu. Nikasema ndilo jibu pekee nililo nalo, kwa kuwa nilikaa siku tisa kati ya arobaini, na kwamba kabla ya mimi kutoa namba ningependa kukagua chombo, kama ilivyo desturi ya taaluma yetu. Hakuweza kukataa, kwani ni yeye aliyeniita mwenzake. Nilimuuliza kila mpimaji alifika wapi. Bandani. Bandani. Mlangoni mwa banda. Nikawauliza reli inaishia wapi, maana ndilo jina la nyika. Walitazamana. Mmoja akasema swali hilo haliko kwenye fomu.

Namba za Upimo hukatwa kwenye vibati, kuanzia sabini hadi mia, na huwekwa ndani ya sanduku la mbao mbele ya Baraza. Bila vibati hivyo ubao haupakwi. Nilitoa koleo na lakiri, kile kidonge cha madini ya risasi cha kufungia mizani mibovu, ambavyo huwa haviniachi. Nikafunga pete ya kufuli ya sanduku kwa waya, nikabana lakiri, nikagonga muhuri. Kisha nikasema kwa sauti maneno niliyoyasema mara nyingi mbele ya wauza nyama: chombo hiki hakifai kwa biashara wala kwa haki, na atakayekitumia anajua anachofanya.

Ukumbi mzima haukuwa na mtu wa kuikata waya ile. Bwana Fumbwe aliigusa kwa ncha ya kidole akaiacha. Watu wanaoishi kwa vipimo huogopa muhuri wa mpimaji kuliko wanavyoogopa Mungu. Lakini sheria ya jiwe haikuhitaji sanduku. Nyika isiyo na namba haina haki zaidi ya ile ya themanini na tisa, akatamka, kwa sauti yake ileile ya upole. Jiwe lisichongwe. Zana zikusanywe jioni hiyo. Lango lisifunguliwe kamwe.

Bi Sikitu hakubishana. Alitoka na mafundi wake, na kabla hawajazikabidhi zile zana, walizitumia mara ya mwisho kung'oa komeo la lango. Hiyari ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza. Walinzi walifika lango likiwa limekwisha kulala chini, wakachukua nyundo, patasi na brashi, wakaandika risiti, wakaondoka nazo. Hakuna aliyezuiwa kuingia, kwa sababu walinzi walijua kuchukua zana tu.

Hata hivyo foleni haikusogea. Maelfu ya watu wenye kofia mpya walisimama wakikodolea ubao mtupu. Bwana Tindwa alipaza sauti kwamba hii ndiyo nyika kubwa kuliko zote kwa nyayo, akaonyesha mchanga, nao mchanga haukuwa na unyayo hata mmoja. Watu walinong'onezana kama inafaa kufurahi. Niliwahurumia na niliwakasirikia, vyote kwa pamoja.

Aliyevunja foleni alikuwa Shomvi. Alitoka ukutani na chaki yake mkononi, akasema anaingia kuuona huo mkia, ili akiupinga aupinge vizuri. Nyuma yake walifuata wachache, kisha wengi.

Alitoka siku ya sita, peke yake, kwa miguu, na tandiko begani. Mkia hakuutaja. Alimtafuta Bi Sikitu akamkuta amekaa juu ya mawe akijifunza kufunga kamba ya mbuzi, akamuuliza ni nani aliyetengeneza ile mvua. Akaambiwa. Akaenda kwenye jiwe tupu, na kwa chaki ileile akaandika HIYARI, kwa herufi za mtu ambaye mkono wake umezoea kuandika duara tu. Kisha akarudi kuuliza jina la aliyetengeneza farasi.

Walinzi walikuja na ndoo na matambara, wakafuta. Waliotoka mchana wakaandika tena, na wakaongeza majina waliyoyauliza: la mpanda majani, la mshona mahema, la yule aliyewafundisha mbwa wa kutengenezwa kubweka. Asubuhi yakafutwa. Adhuhuri yakarudi. Mafundi mia nane walikuwa wameshatawanywa milimani, na wengi wao hawakujua hata kinachoendelea pale langoni.

Mimi nilifukuzwa nchini kwa kuharibu samani za Baraza, na koleo langu likabaki kwao. Lakiri sijasikia kama imekatwa. Siku nilipotolewa walinipitisha mbele ya lango lile, nami nikasimama nikahesabu, kuanzia moja, kama tunavyohesabu kwetu. Kwa hesabu ya walinzi wenyewe majina yalikuwa yamefutwa mara kumi na moja. Kwa macho yangu niliyaona yameandikwa mara ya kumi na mbili.